Deni la Mchunga

Je, mtu aweza kumdhulumu ng'ombe? Swali hili laonekana jepesi, na wengi hulijibu kabla hawajalitafakari. Jiwe halidhulumiki. Ukilipiga kwa nyundo utalivunja, lakini hutakuwa umelikosea, wala hapana dhamiri itakayokuuliza. Mtu hudhulumika, jambo hilo tulifundishwa tungali wadogo, na sheria za mataifa zimejengwa juu yake. Ng'ombe yu wapi baina ya jiwe na mtu? Katika Migori na Homa Bay swali hili si la wanafalsafa peke yao. Ng'ombe yuko mbele ya plau mvua za Machi zinapoanza; yuko katika mahari ya binti, katika karo ya mwanafunzi na katika matanga ya mzee. Kiumbe ambaye maisha yetu yameegemea mgongo wake kiasi hicho, ni haki tujue kama tuna wajibu kwake, na kama upo, umetoka wapi.

Tuanze na jambo ambalo wewe msomaji huenda umelitazama mara nyingi pasipo kulifikiri. Ni siku ya gulio, iwe Rodi Kopany au kando ya barabara iendayo Isebania. Lori limerudishwa nyuma hadi penye mwinuko wa udongo. Ng'ombe kumi wamekwisha kupanda. Wa kumi na mmoja afika mlangoni, ainamisha kichwa, apumua kwa kishindo, kisha asimama kama gogo. Papo hapo fimbo zainuka. Mmoja ampiga mgongoni, wa pili amchoma mbavuni, wa tatu amsokota mkia. Watazamaji wacheka. Mwenye mali apaza sauti kuwa ng'ombe huyu ni mkaidi tangu kuzaliwa kwake. Mwishowe mnyama aruka, ateleza, agonga goti juu ya ubao, na mlango wafungwa nyuma yake. Kazi imekwisha, wala hakuna aliyeuliza kwa nini alisimama.

Kisa cha namna hii kimo katika Kitabu cha Hesabu, na kwa maoni yangu hakuna kisa cha kale kimfaacho mchunga kuliko hicho. Balaamu alikuwa safarini juu ya punda wake. Punda akaiacha njia, akapigwa. Akajibana ukutani hata akauumiza mguu wa bwana wake, akapigwa. Akalala chini, akapigwa mara ya tatu. Kumbe mbele yao alisimama malaika mwenye upanga, naye punda alikuwa akimwona. Balaamu alikuwa mtu mwenye sifa ya kuona mambo yaliyofichika kwa wengine, na siku ile hakuona kitu. Kipando chake kiliona. Watu wasomapo kisa hiki hustaajabia punda kusema. Mimi hustaajabia zaidi kwamba alikuwa amekwisha kusema mara tatu kabla ya kufunguliwa kinywa, tena alisema kwa miguu yake, na kila mara alijibiwa kwa fimbo. (Katika Kijaluo neno dhok ni ng'ombe wengi, na dhok vilevile ni kinywa. Sidai kwamba lugha ilikusudia kutufundisha kitu kwa kuyaandika sawa maneno hayo mawili. Maneno hukutana kwa bahati. Lakini hunijia akilini kila nisikiapo mtu akisema kuwa ng'ombe hana kinywa.)

Basi ng'ombe wetu wa kumi na mmoja aliona nini? Si malaika. Macho ya ng'ombe yamewekwa pembeni mwa kichwa chake, si usoni kama yetu, kwa hiyo huona karibu duara nzima kumzunguka bila kugeuka. Asichokiona ni kile kilicho nyuma kabisa ya mkia wake. Upana huo una gharama yake. Umbali wa vitu hupima kwa shida, wala hatambui upesi kama doa jeusi lililo chini ni kivuli au ni shimo. Ili ajue, hana budi kusimama, kuinamisha kichwa na kutazama kwa makini. Tena macho yake huchelewa kuzoea giza anapotoka juani. Sasa mrudishe mlangoni pa lori. Nje ni jua la saa sita. Ndani ni kiza. Baina ya udongo na ubao wa lori pana mwanya, na kupitia mwanya ule nuru yatoka chini. Juu pananing'inia turubai lipigwalo na upepo. Minyororo yalia, na masikio ya ng'ombe husikia sauti kali ambazo sikio la mtu halizipati kabisa. Alisimama ili achunguze. Yamkini angeachiwa muda wa kuvuta pumzi chache angeunusa mwanya, akauvuka kwa hiari yake. Hakuachiwa. Alipigwa kwa sababu alikuwa mwangalifu, na sisi tukauita uangalifu wake ukaidi.

Yuko mwanamke mmoja wa Marekani, Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye jina lake lilienea ulimwenguni kwa kufanya jambo lililoonekana la kipumbavu. Aliingia mwenyewe katika njia nyembamba wanazopitishwa ng'ombe kwenda kuchanjwa au kuchinjwa, akainama hadi kimo cha macho yao, akatazama. Aliona vitu ambavyo wanaume wenye fimbo walivipita kila siku wasivione: koti lililotundikwa juu ya ua, mnyororo unaotikisika, maji yanayometameta sakafuni. Vitu hivyo vikiondolewa, ng'ombe walewale walioitwa wakaidi hupita kwa utulivu. Bibi huyu alizaliwa na hali iitwayo usonji, akachelewa kusema utotoni, na mwenyewe ameeleza kwamba akili yake hufikiri kwa picha kuliko kwa maneno. Baadaye akawa profesa katika chuo kikuu cha jimbo la Colorado. Simtaji kwa kudhani kuwa ng'ombe wa Nyanza wanamngoja mwalimu wa kutoka Colorado. Wachunga wetu walio hodari wamejua mengi ya haya tangu zamani. Ila ujuzi wao umekaa vichwani mwao, na aghalabu hufa nao, ilhali yeye aliuandika, akauchora, akaufanya uweze kufundishwa kwa mtu asiyekulia zizini.

Ujuzi wenyewe ni mwepesi kueleza, na wapaswa kufundishwa kila mkulima kutoka Mbita hadi Kehancha. Kila ng'ombe amezungukwa na duara lisiloonekana. Ukiwa nje ya duara hukutazama tu, ukilikanyaga huondoka, ukilivamia kwa ghafula hukimbia au hugeuka akakupita. Kwa ng'ombe aliyezoea watu duara hilo ni dogo, pengine halipo. Kwa aliyekulia malishoni mbali na nyumba laweza kuwa la hatua nyingi. Mchunga mwenye elimu husimama ukingoni mwake, akaingia kidogo na kutoka kidogo. Akisimama nyuma ya bega la mnyama, mnyama huenda mbele. Akisimama mbele ya bega, hurudi nyuma. Akitaka ng'ombe aliye katika njia nyembamba asogee mbele, hupita kando yake akitoka kichwani kuelekea mkiani, na mara alivukapo bega, ng'ombe huondoka. Wengi hawasadiki jambo hili mpaka waone. Na mnyama akiisha kutii, mchunga hurudi nyuma hatua moja, amwachie nafasi. Hiyo ndiyo ahsante ambayo ng'ombe huielewa. Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kusimama nyuma kabisa ya mkia, mahali asipopaona, ukapiga kelele. Hapo hugeuka akutafute, nawe husema ni mbishi, kumbe ataka kujua ni nani.

Yako mengine. Ng'ombe ni kiumbe wa kundi, na akitengwa peke yake huingiwa na hofu. Kwa hiyo mwenye hekima humpitisha pamoja na mwenzake. Aliyekwisha kutishwa sana huhitaji kama dakika 20 au 30 ndipo moyo wake utulie, na anayemlazimisha kabla ya muda huo hupigana na damu iliyochemka. Maksai kijana hufungwa nira pamoja na mzee aliyeizoea kazi, naye hujifunza kwa shingo ya mwenzake. Akipigwa siku ya kwanza ya nira, atajua kwamba nira na maumivu ni kitu kimoja, na itamchukua mwalimu wake misimu mingi kumwondolea elimu hiyo. Vivyo hivyo kwa josho na sindano. Katika bonde la Lambwe, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, mbung'o huwaletea mifugo maradhi ya nagana, na mkulima hana budi kuwanyunyizia dawa na kuwatibu ng'ombe wake mara kwa mara. Ng'ombe aliyepigwa njiani kuingia kwenye dawa leo, siku nyingine hapiti ila kwa vita. Mwenye ng'ombe huchoka na vita, huahirisha, na kuahirisha huleta ugonjwa.

Sasa nafika mahali ambapo waalimu wengi wa jambo hili hupenda kupumzika, nao ni faida. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Marekani, Ely na Petersen, walitaka kujua kwa nini ng'ombe aliyetishwa huzuia maziwa. Wakamweka paka juu ya mgongo wa ng'ombe, na kila baada ya sekunde 10, kwa muda wa dakika mbili, wakapasua mfuko wa karatasi uliojazwa hewa. Maziwa hayakushuka vema. Baadaye walimwondoa paka, kwa kuwa mifuko peke yake ilitosha. (Nadhani paka alifurahi kuliko wote.) Sababu yake yajulikana leo. Kuna homoni iletayo amri ya maziwa kushuka, na kuna nyingine itokayo wakati wa hofu, na hii ya pili huishinda ile ya kwanza. Nyama nayo ni hivyo hivyo. Mnyama aliyehangaishwa kwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa huwa ameimaliza sukari iliyowekwa akiba katika misuli yake, na nyama yake hutoka nyeusi, kavu, isiyodumu. Mahali palipopigwa fimbo damu huvilia, na kipande hicho hukatwa kikatupwa. Kwa hiyo yule aliyesimama nyuma ya lori alikuwa akiipiga mali yake mwenyewe, na kama angejua hesabu, angeshusha mkono.

Maneno haya ni kweli, na mkulima anayefundishwa ayaambiwe. Hata hivyo sitaki wewe, ambaye huna haraka ya kuuza, utosheke nayo. Tuseme wako wakulima wawili, mmoja Oyugis na mwingine Awendo. Wa Oyugis hampigi ng'ombe wake kwa sababu kumpiga hupunguza maziwa. Wa Awendo hampigi kwa sababu ameiona hofu katika jicho lake. Siku za kawaida hutaweza kuwatofautisha. Nyua zao zafanana na ng'ombe wao wote wametulia. Watofautishe siku ng'ombe atakapokauka maziwa, au atakapovunjika mguu, au siku ile mnunuzi atakaposema hajali nyama nyeusi wala nyekundu. Siku hiyo sababu ya wa kwanza imekwisha, na rehema yake, iliyokuwa ya kukodiwa, hurudi kwao. Punda afe, mzigo wa bwana ufike: aliyesema hivyo kwanza hakuwa mtu katili kwa desturi, nadhani. Alikuwa mtu aliyefanya hesabu tu, na siku hiyo hesabu ilimwelekea punda vibaya.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, aliyeishi karne ya 18, alitafuta njia nyingine. Alifundisha kuwa hatuna wajibu wowote kwa mnyama mwenyewe. Lakini mtu azoeaye ukatili kwa wanyama huwa mgumu wa moyo hata kwa watu, na kwa ajili ya watu hao yampasa ajizuie. Mwingereza Jeremy Bentham alilijibu swali kwa namna tofauti mwaka 1789. Kwake yeye jambo la kuuliza halikuwa kama mnyama afikiri au asema, bali kama aumia. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nasimama na Bentham. Fundisho la Kant lina ukweli ndani yake, lakini lamfanya ng'ombe kuwa ubao wa kujifunzia, kama kwamba kosa la kumpiga liko katika tabia yangu tu. Tuwaze mtu akaaye peke yake nyikani, asiyeonana na mwanadamu mwingine mpaka kufa kwake, ampige maksai wake kila siku bila sababu. Je, hapakuwa na kosa kwa kuwa hapakuwa na jirani wa kudhurika? Kidonda ki juu ya ng'ombe.

Lakini hata Bentham hajalimaliza jambo. Kuumia kwa mnyama kwaeleza kwa nini nisimtese mnyama yeyote, hata asiye wangu. Hakuelezi kwa nini nina wajibu zaidi kwa yule niliyemfuga. Huko Ruma wako swala wakubwa waitwao korongo, na hapo ndipo makao yao ya mwisho nchini Kenya. Korongo naye ana duara lake. Mtu akilikanyaga, swala huondoka. Hakuna ugomvi, hakuna dhuluma, kila mmoja amekwenda zake. Usalama wake umo miguuni mwake. Ng'ombe alikuwa na usalama huohuo hapo kale, nasi tukamwondolea. Tulijenga zizi, tukasokota kamba, tukamhasi dume ili atulie, tukaingia ndani ya duara lake tukakaa humo vizazi kwa vizazi, mpaka akasahau kukimbia. Sisemi tulifanya vibaya. Bila tendo hilo tusingelima. Nasema kwamba aliyemnyang'anya mwenzake mlango wa kutokea amejitwika kazi ya kumlinda ndani ya nyumba. Mapokeo ya Kiislamu yana kisa cha mwanamke aliyehukumiwa motoni kwa ajili ya paka. Kosa alilohesabiwa ni kwamba alimfungia, wala hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie chakula mwenyewe. Yatazame vema masharti ya hukumu hiyo. Kama asingemfungia, njaa ya paka isingekuwa deni lake.

Najua majibu utakayoyasikia ukiyapeleka maneno haya nyumbani. La kwanza litakuwa kwamba wazee wetu walipiga na ng'ombe wao walizaa. Walizaa, ndiyo, lakini wapo pia wazee waliochunga maisha yao yote kwa mluzi na jina la kila mnyama, na hao ndio tuwachague tukitaka kuwaiga wazee.

La pili ni zito zaidi, nami silidharau. Ni sauti ya umaskini. Mama atokaye ziwani karibu na Sindo na punda mwenye mitungi minne, naye mwenyewe ana mtungi wa tano kichwani, atakuuliza kama wewe mwenye daftari na kalamu umekuja kumhurumia punda na kumwacha yeye. Usimjibu kwa hotuba. Mwulize ni nani aliyetengeneza matandiko ya punda, maana mara nyingi kidonda cha mgongo husababishwa na kamba iliyofungwa pasipo nguo chini yake, na gunia kuukuu lililokunjwa mara mbili huweza kukizuia. Katika mambo yote niliyoyaeleza juu ya duara na bega, hakuna hata moja linalonunuliwa dukani. Maskini haombwi fedha hapa. Aombwa muda, na muda nao, nakiri, si kitu rahisi kwa mtu ambaye lori lamngoja na mwenye lori ahesabu saa. Fimbo nyingi za gulioni zashikwa na watu walioajiriwa kupakia upesi, nao hulipwa kwa wepesi wao. Si haki kumlaumu mwenye kushika fimbo na kumsamehe aliyejenga gulio lisilo na ngazi wala ukuta wa kuziba mwanga. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa serikali za kaunti kazi ya minada ya mifugo, ya machinjio, na pia ya ustawi wa wanyama. Yote matatu yako chini ya mkono mmoja. Na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haikatazi kupiga kwa ukatili na kupakia mzigo kupita kiasi tu; imetaja pia kumtia mnyama hofu. Waliotunga sheria hiyo walikubali kwamba hofu peke yake, pasipo alama yoyote ngozini, yaweza kuwa kosa. Ni watu wangapi gulioni walijuao hilo?

La tatu huletwa na wanafunzi werevu. Husema: ng'ombe huyu atachinjwa kesho, ya nini kumhurumia leo? Wanaosema hivi hudhani wamefika mwisho wa hoja. Kama ingekuwa hoja njema ingetuhusu sisi pia, kwa maana hakuna kati yetu asiyekuwa na kesho ya namna hiyo, na bado hatukubali mtu atuumize leo kwa kisingizio kwamba tutakufa. Ng'ombe hajui habari za kesho. Hana tumaini la kumsaidia kuvumilia, wala hawezi kujiambia kwamba maumivu haya yatapita. Alicho nacho ni saa hii tu, na saa hii ikijazwa hofu, basi ulimwengu wake wote umejaa hofu. Kwangu mimi ujinga wake wa mambo yajayo hauifanyi taabu yake kuwa ndogo, pengine waizidisha.

Nimekaa katika chuo cha waalimu muda wa kutosha kusikia mazungumzo ya fimbo kwa upande mwingine. Nchini Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na bado wako watu wazima wasemao kwamba mtoto fulani haelewi lugha nyingine. Maneno hayo ni yaleyale yasemwayo juu ya ng'ombe, neno kwa neno, na mara nyingi husemwa na mtu ambaye hakujaribu lugha nyingine hata siku moja. Simlinganishi mtoto na mnyama. Tofauti yao ni kubwa, na mtoto ana haki ambazo ng'ombe hana. Ninachokifananisha ni mkono. Mkono ulioshika fimbo huiamini fimbo kwa sababu matokeo yake huonekana mara moja: mtoto hunyamaza, ng'ombe huruka ndani ya lori. Kilichotokea ndani ya kichwa cha aliyepigwa hakionekani, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa si kitu. Wewe usomaye haya huenda umekuwa pande zote mbili. Umepigwa kwa kuchelewa, na jioni ileile ukampiga ndama kwa kuchelewa. Wajua habari ambazo mwenye kitabu hazijui.

Limebaki jambo moja ambalo fundisho la duara na bega halilitatui, nami sitalificha. Maksai huanza nira akiwa na miaka miwili au mitatu. Akitunzwa vema atalima misimu mingi. Kisha nguvu humpungua, na mkulima wa Ndhiwa mwenye ekari mbili na watoto watano hana malisho ya kumlisha mzee asiyelima. Itampasa amuuze, na anayemnunua ni mchinjaji. Wako watakaosema kuwa deni nililolieleza hapo juu lingemtaka amweke mpaka afe kwa uzee. Sithubutu kumwambia hivyo mtu ambaye karo ya mwanawe imo katika ngozi ya maksai yule. Deni lake halikufutika, lakini uwezo wake wa kulilipa umepungua mpaka siku moja, siku ya kwenda gulioni. Siku hiyo angali na mengi mkononi mwake. Aweza kumpeleka alfajiri kabla ya jua kali, pamoja na mwenzake wa nira amsindikize mpaka mahali pa kuuzia. Aweza kumnywesha maji mtoni. Aweza kumchagua mnunuzi, hata kwa shilingi chache pungufu, kwa jinsi alivyomwona akiwapakia wengine. Na wakati wa kupakia aweza kuwaambia wenye fimbo wasimame kando, aweke nyasi juu ya ule mwanya wa mwanga, ajiweke mwenyewe nyuma kidogo ya bega ambalo limeikokota plau yake miaka yote hiyo, amwite maksai kwa jina lake, angoje.